Usimwambie Asiogope

Siku tuliyotoa kilio cha mume wangu, tulipomaliza matanga, naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Nilikuwa kijana mwenye watoto watatu, hapa hapa Uvira. Mchana ule ukoo wa mume ungekaa kuamua nani atabaki na nyumba, na shemeji yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuvipima vyumba kwa macho.

Tangu asubuhi watu walikuwa wakinipigapiga mgongoni: usiogope, Mungu yupo. Maneno matamu ya watu wenye kwao pa kulala. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilizidi kuogopa, nikaanza kufunga nguo ili nirudi kwetu Kamanyola bila kusema neno.

Shangazi yangu, dada wa baba, alinikuta nafunga. Hakunipa pole.

"Weye uko unaogopa nani? Mutaje."

"Shemeji."

"Atakufanya nini?"

"Atasema minye ndiye nilimuloga ndugu yake."

"Akisha kusema, nini itafuata?"

Nilikasirika. Nilitaka kubembelezwa, yeye ananihoji kama askari wa mpakani. Lakini alinyamaza akaningoja, nami nikatafuta jibu. Watu watanitazama vibaya. Basi, zaidi ya hapo sikuona kitu. Ndipo akaniuliza taratibu, "Na ukinyamaza, watoto watalala wapi?"

Nililifungua lile furushi.

Kikaoni shemeji aliniita mchawi mbele ya wote. Iliniuma, sitakudanganya. Alipomaliza kufoka nikasema, "Nyumba hii tulijenga wawili, minye na mume wangu. Minye na watoto hatutoki humu." Wazee walitazamana, kisha mkubwa wao akasema niachiwe nyumba yangu. Shemeji hakunisalimia tena maisha yake yote, na salamu yake sikuihitaji.

Sasa wewe, mwanangu, umesomea kazi ya kusikiliza watu, umepewa ofisi na viti vizuri, na jana nimekusikia ukimwambia yule mjane "usiogope, mama", kisha ukamchagulia la kufanya. Nimekasirika, na sifichi. Mficha uchi hazai, ni kweli, lakini atausema lini kama msemaji ni wewe tangu aingie mpaka atoke?

Muulize anaogopa nini hasa. Muulize kikitokea kitafuata nini, na asipofanya kitu nani ataumia. Usimuulize kwa nini anaogopa, maana hapo umemshitaki. Wala usiulize swali ambalo jibu lake umekwisha kulichagua. Ukishauliza, funga mdomo, hata kimya kikikuchoma.

Ukoo wa mume wa yule mjane unakaa kesho. Panda pikipiki uende kwake leo, umwombe radhi kwanza, halafu uulize. Mungu akutangulie njiani, abariki kazi yako, na akupe moyo wa kusikia jibu usilolipenda.