Mama Sita na Zile Mita Tisa

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mwanamke mwenye kizibao cha kung'aa amesimama kwenye kona, mgongo kauegemeza ukuta wa shule, midomo inacheza. Mpita njia angedhani anasali. Gari jeupe linaipita nguzo ya umeme ya kwanza.

"Moja, mbili, tatu, nne." Gari limeshaipita nguzo ya pili.

"Nne," anasema kwa sauti. "Huyu atakuwa kafukuzwa na mkewe. Andika, mwanangu."

Msichana wa kidato cha tatu aliyechuchumaa kando yake anaandika. Linakuja lori la mchanga, linajikongoja. Mama anafika sita, saba, nane. "Mwenda pole hajikwai," anasema, akampungia dereva mkono kama shemeji yake.

Kazi yake ni kuvusha watoto barabara. Kwa miaka kumi na mmoja yuko na kibao chake chekundu kilichoandikwa SIMAMA, asubuhi na mchana, jua na mvua. Wanafunzi wa sekondari wanamwita Mama Sita, na jina hilo ana haki nalo. Kutoka nguzo hadi nguzo ni mita hamsini. Dereva anayefuata alama ya barabarani, kilomita thelathini kwa saa, huzimaliza kwa sekunde sita. Ukifika nguzo ya pili kabla Mama hajafika sita, umemkosea.

Elimu yake ni darasa la saba. Mshahara, anasema, unamsindikiza hadi tarehe ishirini tu, halafu cherehani ya kushona sare inampokea. Fizikia hakuwahi kuisoma. Lakini ukienda shule ile ukauliza nani amewanyanyua watoto kwenye mada ya mwendo, mwalimu wao wa Fizikia atakuonyesha barabarani.

"Mimi nilikuwa nawapa kanuni," anasema mwalimu huyo, kijana mwenye chaki hadi kwenye nyusi. "Wanazikariri kama wimbo. Ukiwapa swali, wanashika kanuni ya kwanza inayowajia, wanatumbukiza namba. Jibu likitoka gari linakwenda kasi kuliko ndege, wanalipigia mstari mara mbili."

Msichana wa daftari, ambaye wenzake wanamwita Karani, hakatai. Mtihani wa kidato cha pili alipata kumi na tisa kwa mia. Alikuwa akikesha kabla ya mtihani na kuamka hana kitu. Ndipo mwalimu alipompa yeye na wenzake watatu kazi ya kupima mwendo wa magari, kumi kila asubuhi, na kumwomba Mama awaangalie wasigongwe.

Mama hakuwa mtu wa kuangalia tu. Siku ya pili alitaka kujua wanaandika nini, siku ya tatu akataka wamsomee.

"Nilikuwa naona aibu," Karani anakumbuka. "Nikasema sijui nianzie wapi. Akaniambia mficha uchi hazai, haya, nichoree hiyo barabara."

Basi ukawa ndio utaratibu wao. Kwanza barabara inachorwa, hata kwa kijiti mchangani. Kisha linasemwa linalojulikana, kisha linalotafutwa, kila namba na kizio chake, mita au sekunde. Kanuni inakuja mwisho. Swali la leo linarudiwa kesho bila kutazama daftari, na aliyekwama anasema amekwama wapi. Ni nusu saa kwa siku, wala si zaidi. Jibu likipatikana, linasomwa kwa Mama, naye anauliza swali lake moja: "Hilo gari umeshawahi kuliona hapa?"

Kama hajawahi kuliona, wanarudi mwanzo.

Kwa nini mwanamke mwenye kazi yake na cherehani yake ajitie kwenye hesabu za watoto wa watu? Hapo Mama anakitua kibao, anakiegemeza ukutani, na kicheko kinamwisha.

Miaka miwili iliyopita gari lilitokea kwenye kona hii wakati mtoto wa darasa la nne yuko katikati ya kivuko cha zebra. Mama alimsukuma. Kioo cha pembeni kilimvunja Mama mkono, tairi likampata mtoto mguu. Mtoto alikaa na plasta miezi mitatu. Ripoti ya ajali ilikuwa na mistari sita, na mmoja wao ulisema mvushaji alichelewa kuinua kibao.

"Niliuamini mstari ule," anasema. "Nilikuwa nalala nao. Nafua, nauona. Najiambia, ungeinua mapema, we mwanamke. Na yule mtoto namvusha kila siku, ananisalimia, shikamoo Mama, na mimi siwezi kumtazama usoni."

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: tuta kabla ya kona. Aliomba kwa mdomo mara tatu, akaambiwa alete ushahidi. Watoto wa Fizikia walipokuja na daftari, aliona ushahidi umejileta wenyewe.

Asubuhi arobaini, magari mia nne. Mia tatu hamsini na mawili yalipita kabla ya sita. Tisini yalipita kwa sekunde tatu au pungufu, yaani kilomita sitini kwa saa au zaidi. Watoto wakaandika barua kwa mhandisi wa barabara, wakaipeleka mbio kabla ofisi haijafungwa.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, fupi na la dhihaka. Barua ya watoto ilisema wastani wa mwendo ni kilomita kumi na tatu kwa saa. Mhandisi aliandika kwamba madereva wa barabara hiyo wanastahili zawadi, si tuta.

Ilikuwa mita kumi na tatu kwa sekunde. Karani alikuwa ameandika namba sahihi na kizio cha uongo. Ukibadilisha, ni karibu kilomita arobaini na saba.

"Nililia," anasema Karani. "Nilijua nimemharibia Mama."

Mama hakumgombeza. "Nilimuuliza tu, ile barua mlinisomea? Akasema hapana, tulikuwa na haraka. Nikamwambia basi, hata nyie mmepita kabla ya sita."

Adhabu aliyojipa Karani, kuiandika barua upya yeye mwenyewe, ndiyo iliyogeuza mambo. Mwalimu alimwambia, ukiandika upya, mwonyeshe mhandisi gari linasimama wapi. Karani akapima kutoka kona, pale ukuta unapoacha kumziba dereva macho, hadi zebra: mita thelathini na tano. Akampa dereva sekunde moja ya kushtuka kabla hajakanyaga breki, kisha breki zinazopunguza mwendo kwa mita tano kwa sekunde, kila sekunde.

Mwenye kilomita thelathini kwa saa anasimama baada ya mita kumi na tano, na nafasi inabaki tele. Mwenye sitini anazitumia mita kumi na saba katika kushtuka tu. Breki zinamla nyingine ishirini na nane, kasoro kidogo. Anaipita zebra kwa mita tisa na ushee.

Safari hii walimsomea. Mama alisikiliza hadi mwisho, na swali lake hakuuliza. Alitembea kutoka kwenye zebra, akihesabu hatua, akasimama mbele ya mlango wa kinyozi.

"Lilisimama hapa," akasema. "Lile gari. Hapa hapa."

Mwalimu alileta utepe wa kupimia. Mita kumi kasoro kidogo.

"Hesabu haituambii dereva yule alikuwa na sitini hasa," mwalimu anaonya, maana ni mtu wa kupima maneno. "Inatuambia kwamba kwa mwendo huo, hata kibao kingekuwa juu tangu alfajiri, asingeweza kusimama."

Mama aliketi kwenye kizingiti cha kinyozi akalia, mbele za wateja, bila kujifuta. Anasema hajui alilia kwa muda gani. Karani anajua: dakika nne, alikuwa na saa mkononi.

Barua ya pili ikapelekwa, na mwezi uliopita mhandisi alikuja mwenyewe, akasimama kwenye kona nusu saa, akihesabu. Tuta limeingizwa kwenye kazi za robo mwaka ijayo. Karani, katika mtihani uliopita, amepata sitini na nne, na bado magari kumi ya kila asubuhi hayamkosi.

Saa moja kasorobo. Watoto wanaanza kumiminika. Mama anachukua kibao na kwenda kwenye zebra. Miongoni mwao yumo mvulana wa darasa la sita, anachechemea kidogo sana, ni lazima uambiwe ndipo uone.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu." Anamtazama usoni.

Mvulana akishavuka, Mama anasimulia. "Nilimwambia, mwanangu, zilikuwa mita tisa. Akaniuliza, mita tisa za nini? Nikamwambia ngoja ufike kidato cha tatu." Anainua kibao, gari linapunguza mwendo. "Nataka akifika, aje aifanye hesabu ile ile, kwenye kona hii hii. Tuta litakuwepo. Nataka gari lake lisimame huku, kabla ya zebra."

Gari limesimama. Mama anawapungia watoto mkono, wavuke.