Kompyuta Iliyoathirika

Mwalimu wa kompyuta alimwambia binti yangu atafute mashine ya kufanyia mazoezi nyumbani. Isiwe ya michezo, alisema, iwe na nafasi ya kuhifadhi kazi na iwe inakaa na chaji, maana Muleba umeme unaondoka bila kuaga. Binti alikuwa kidato cha tatu. Shuleni kompyuta zilikuwa chache, wanafunzi wanazigombania kama watoto wanaokamata panzi wa senene chini ya taa. Aliyekosa zamu alikosa somo, na binti yangu alikosa zamu nyingi kwa sababu ya siku za kliniki. Mwalimu alishaanza kumwambia aache somo hilo achukue jingine. Akalia siku mbili. Kompyuta ndiyo aliyokuwa anaitaka maishani.

Namwita binti yangu, lakini aliyemzaa ni mdogo wangu. Mdogo wangu aliondoka kwa ugonjwa uleule uliowaondoa wazazi wetu, na mtoto alizaliwa nao. Anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, mimi nikimwangalia. Ndani ya nyumba hatukuficha. Nje hatukusema.

Basi nikaacha meza yangu ya dagaa sokoni, tukapanda basi kwenda Bukoba, kwenye duka moja la Miembeni linalouza kompyuta za mitumba na kutoa fotokopi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama," akaamkia, akatuwekea mbili mezani. Moja nyeupe, ndogo, inang'aa kama sahani ya harusi. Nyingine nyeusi, nene, imechakaa pembeni.

Mimi naijua dagaa iliyokauka vizuri hata nikiwa nimefumba macho. Kompyuta sikuijua. Nikashika ile nyeupe.

"Hiyo ni ya kutazamia picha tu, mama," kijana akasema. "Ya mwanafunzi ni hii nyeusi. Ina nafasi kubwa, chaji inakaa. Ilikuwa imeathirika na virusi vibaya sana, lakini nimeisafisha yote."

Nilikuwa nimeshaanza kuigusa. Nikaondoa mkono kama mtu aliyegusa jiko.

"Imeathirika?"

"Ndiyo mama, ila sasa ni salama."

"Mimi siingizi nyumbani kwangu kitu kilichoathirika!"

Nilisema kwa sauti ya sokoni. Duka zima likacheka. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri fotokopi zake akapiga paja. "Waitu mama, si uivalishe soksi ya kinga!" Wakacheka tena, hata yule kijana mwenye adabu. Nilikuwa nikimgeukia mzee huyo nimjibu, nikaona mahali alipokuwa amesimama binti yangu hapana mtu.

Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya baba mdogo. Namtaja kwa cheo chake, jina lake silipotezei wino. Baada ya vita na nchi jirani baba yetu alikuwa akivuka mpaka kufuata nguo na redio za kuuza, akarudi na ugonjwa, akafa, mama akamfuata. Baba mdogo alichukua kibanja chetu cha Nshambya, migomba na mibuni yote. Godoro la mama alilichoma. Baiskeli ya baba hakuiona kuwa imeathirika, akaipanda. Mimi na mdogo wangu tulipokwenda kubisha kwake, mvua inanyesha, alisimama mlangoni akasema, "Siingizi nyumbani kwangu kitu kilichoathirika." Kitu. Darasa la nne nililiachia hapohapo. Mke wake alikuwa nyuma yake, amesikia, akanyamaza. Naye namtaja.

Miaka yote hiyo nimemlaani mtu yule, kumbe sentensi yake nilikuwa nimeitunza nzima nzima mdomoni.

Nilimkuta binti yangu nje, amesimama karibu na fundi viatu, anatazama barabara.

"Mwanangu, sikukusudia..."

"Virusi vya kompyuta ni programu tu, mama. Tumefundishwa."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua." Hakuniangalia. "Ile nyeusi ndiyo aliyoisema mwalimu. Twende ukaninunulie."

Ningeweza kutafuta duka jingine. Nilimwambia hivyo. Akasema ile ameiona inafaa, na basi la Muleba halitusubiri. Nikarudi ndani, nimeinamisha kichwa kama mwizi wa mkungu wa ndizi.

"Ehee, majibu ya kipimo yametoka?" yule mzee wa fotokopi akauliza.

"Mzee, chukua karatasi zako," kijana akamkata, naye sasa hacheki. "Mama, nikupe ile nyeupe?"

"Nipe nyeusi."

Binti yangu akaivuta kwake, akaifungua, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, akauliza habari za chaji, akauliza kuhusu kinga ya virusi.

"Nimekuwekea," kijana akasema. "Lakini lazima uiongezee nguvu mara kwa mara. Ukiacha tu, vinarudi."

"Sitaacha," akasema. "Nimezoea."

Kijana hakuelewa kitu, akaanza kuifunga kwenye mfuko. Mimi nilielewa, nikajifanya natafuta kitu kwenye kanga.

Ndani ya basi aliipakata mapajani. Kondakta alitaka kuipandisha juu kwenye mizigo, akakataa. Barabara ilipoanza kuturusha nilinyoosha mikono nimsaidie kushika.

"Niachie, mama," akasema taratibu. "Isije ikakuambukiza."

Nikairudisha mikono yangu. Bibi mmoja wa kiti cha mbele akageuka, akauliza tumebeba nini kizuri namna hiyo.

"Kompyuta ya shule, bibi," binti yangu akajibu. "Mama amenichagulia."

Bibi akanisifu, akaniita mzazi mwenye akili. Nikageukia dirishani nisije nikaulizwa zaidi.