Mgeni Rasmi wa Kompyuta Mia Mbili

Wanamwita Vifurushi, na yeye hakatai, maana hata mlinzi wa geti hajui jina lake jingine. Kazi yake pale hospitalini ni ya kukaa. Anachukua programu, anaifunga pamoja na maelekezo yake, anaipa jina, kisha anaituma kwenye kompyuta mia mbili kwa mpigo, zijiwekee zenyewe bila fundi kupanda na kushuka ngazi. Kifurushi kikifika salama, hakuna anayemkumbuka. Kikikwama, hospitali nzima inajua mlango wake ulipo.

Majina aliyapanga kwa namba, kwa sababu mashine husoma orodha kuanzia juu kwenda chini na haina akili ya kuruka. Mtu huyu anapenda mpangilio. Nyumbani mke wake hawezi kuhamisha kopo la chumvi bila kutoa taarifa.

Mambo yalikwenda sawa hadi mkurugenzi alipoiona orodha. Mkurugenzi ni mtu wa itifaki, hata kwenye foleni ya choo angetaka kwanza atambulishwe. Alivaa miwani, akasoma, akanuna.

"Picha yangu ya kukaribisha watumishi ni namba kumi na nne. Chini ya printa."

"Mzee, ni mpangilio wa mashine tu."

"Mashine ya nani?"

Basi orodha ikapangwa kwa vyeo. Namba moja, picha ya mkurugenzi. Namba mbili, programu za daktari mkuu. Maabara wakapewa ya saba, programu yao ya kuandika lebo za vichupa. Programu ya kuwezesha printa za lebo, kwa kuwa printa ni mali ya stoo na stoo haina mkubwa wa kununa, ikatupwa mkiani, namba ishirini. Vifurushi alitii shingo upande. Mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa, na mkono wa kuuongeza ulikuwa uleule ulioshika orodha.

Jumatatu maabara waliwasha kompyuta zao mpya. Picha ya mkurugenzi iliingia barabara, meno yote. Programu ya lebo ilipofikiwa ikatafuta printa, haikuiona kwa kuwa ilikuwa bado mkiani, ikagoma.

Msimamizi wa maabara, mama mmoja asiyejua kunong'ona, alishuka na vichupa viwili vya damu kwenye trei, vimeandikwa kwa kalamu.

"Kaka Vifurushi, hebu nisomee. Hiki ni cha kitanda cha tatu au cha nane?"

Vifurushi alikisogeza karibu na dirisha. "Cha tatu. Au nane."

"Umeona. Hivi tunavimwaga, wagonjwa wanachomwa sindano upya. Lakini picha tumeipata, ahsante. Imetoka vizuri."

"Dada, printa lazima itangulie programu zote. Nikiitanguliza, mzee anashuka namba mbili, na mimi unga wangu unamwagika."

"Basi nenda kamwambie yeye. Mimi nitakushikia trei."

Akapanda. Akaeleza polepole, kama mtu anayemtoa paka samaki mdomoni, kwamba kuna kitu kinatakiwa kiwe juu. Mkurugenzi hakuinua hata kichwa.

"Katika shughuli yoyote, mbele yangu anakaa mgeni rasmi peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana, mzee."

Na kweli alikuwa amemwelewa. Alirudi kwenye kiti chake, akakitoa kile kifurushi cha printa mkiani, akakipandisha juu kabisa na kukiandika jina jipya: 01-MGENI-RASMI. Akatuma upya. Kabla yule mama hajachoka kushika trei, lebo zilikuwa zinatoka, nyeusi, zinasomeka.

Ijumaa aliitwa ofisini. Mkataba ulikuwa mezani, na orodha juu yake.

"Huyu mgeni rasmi ni nani?"

Vifurushi alihisi jasho likitafuta njia mgongoni. "Alifika Jumatatu, mzee. Yuko maabara."

"Na sijaambiwa?"

"Hapendi makuu. Anafanya kazi yake kimyakimya."

Mkurugenzi aliinyoosha tai. "Na baada yake?"

"Ni wewe, mzee. Hakuna mtu katikati."

Akatabasamu lile tabasamu la kwenye picha, akasaini. "Apelekewe maji ya kunywa. Ya baridi."

Chupa mbili zilipelekwa maabara siku hiyohiyo. Msimamizi alizinywa zote, maana printa haikuwa na kiu.