Jina Alilopewa Binti Yangu

Binti yetu hasikii tangu kuzaliwa. Skuli ya mtaani kwetu Lamu ilimpokea, lakini mwalimu alizoea kusema akiwa ameelekea ubao, na mtoto akashinda akitazama midomo ya wenzake. Ndipo mimi na mume wangu tukavuka naye kwa mashua hadi Mokowe, bara, tukapanda basi kwenda kuitazama skuli ya bweni ya viziwi, mbali na kwetu.

Uani, wasichana walimzunguka wakisema kwa mikono. Mmoja akamgusa shavuni, penye kishimo, kisha akajigusa lake mwenyewe. Wenzake wakafuatiza.

"Wanafanya nini?" nikauliza.

"Wamempa jina la ishara, Bi," akajibu mwalimu aliyetupokea. "Ndilo watakalomwita hapa."

"Jina analo," nikasema.

Binti yangu akajigusa shavu, akacheka, akakimbia nao bila kugeuka.

"Waonaje?" mume wangu akaniuliza.

Nikamwambia na aje hapa. Nikangoja uchungu unishike, au furaha, lakini hakikuja kitu. Nikamuuliza mwalimu kama watoto huja na mashuka yao, akasema ndiyo. Muhula ulipofunguliwa, tukampeleka.