Nani Anapandisha Kiti cha Baiskeli Yangu?

Mtaa mzima hakuna bibi anayeendesha baiskeli kunishinda. Sijawahi kuanguka, sijawahi kugonga kuku, sijawahi kupotea njia.

Haya, niseme mwenyewe kabla hamjaniumbua: baiskeli yenyewe haina magurudumu. Ni ile ya mazoezi. Imesimama sebuleni kati ya kochi na kabati la vyombo, na tangu iletwe haijasogea hata shubiri.

Ila kiti chake kilikuwa kinatembea.

Nilikiacha chini asubuhi, nikiamka usingizi wa mchana nakikuta juu. Chenyewe.

Ngojeni niwape mwanzo wake.

Mimi ni fundi cherehani. Mgongo wangu uliinamia nguo za watu mpaka siku moja ukagoma. Nikapasuliwa, nikawekewa vyuma. Sasa nina skrubu nyingi kuliko cherehani yangu.

Masharti yakaja: usiiname, usinyanyue, usijipinde. Hata kitandani nageuka mzima mzima kama gogo.

Nikaanza kwa kutembea koridoni, ukuta mpaka ukuta, kama mlinzi asiye na cha kulinda. Kidonda kikapona, miezi ikasogea, daktari akaniruhusu baiskeli.

Kijana wa mazoezi aliyekuwa akija nyumbani nilimbatiza Taratibu. Kila sentensi yake ilianza na neno hilo.

"Taratibu, bibi. Mgongo wima. Mguu ukifika chini, goti libaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa juu sana nyonga zitayumba, na nyonga zikiyumba, mgongo ndio utakaolia."

"Na nikijisikia nina nguvu?"

"Nguvu hizo ziweke za kesho. Ukisikia maumivu, unashuka. Hapa hatushindani na mtu."

Akashusha kiti mpaka tundu la chini kabisa, maana mimi Mungu aliniumba kwa kubana kitambaa. Kisha akasema jambo lililonitoa machozi:

"Nikirudi nikakuta unaendesha bila maumivu, nakuruhusu kukanyaga cherehani. Kidogo kidogo."

Cherehani yangu! Binti yangu alikuwa ameifunika shuka pembeni, imelala kama mgonjwa mwenzangu.

Basi ndipo kiti kikaanza vituko.

Siku ya kwanza sikukiangalia. Nikapanda, nikakanyaga kidogo, nikahisi kiuno kinavutwa huku na huku kama gunia. Maumivu yakanichoma. Nikashuka, nikaona kiti kiko juu, nikamwita binti.

"Mama! Umeikimbiza hiyo baiskeli!"

"Nimeikimbiza kwenda wapi, mwanangu? Mlango umefungwa!"

"Sasa umeumiaje?"

"Kiti kimepanda chenyewe."

Wakatazamana na baba yake. Mzee akatikisa kichwa pale kochini.

"Mama yako huyo. Hata vyuma havijamtoa utani."

Unaona balaa? Mtu wa mzaha akisema kweli, watu wanasubiri sehemu ya kuchekesha.

Binti akakirudisha kiti chini. Kesho yake kikapanda. Keshokutwa pia. Akakasirika.

"Mama, Taratibu akija namwambia ukweli. Unacheza na mgongo. Baiskeli irudi ilikotoka, na cherehani nampa shangazi."

Shangazi! Mtu anayeshona kifungo kikaanguka kabla hajakata uzi!

Usingizi ukanikimbia. Nikawaza. Nyumba hii tunaishi wawili tu, binti anapita akitoka kazini. Sasa ni jini gani refu hivyo?

Nikamtazama mume wangu.

Namwita Mlingoti, kwa urefu. Lakini Mlingoti alikuwa mgonjwa. Siku ile ile daktari aliposema nitahitaji mtu wa kunishika mkono nikitembea, goti lake la kulia likaanza kuuma. Kwenda dukani, goti. Kuanika nguo, goti. Chakula kikiiva, goti linapona njiani kwenda mezani.

Nikasema haya, fundi hakosi chaki.

Siku aliyotakiwa kurudi Taratibu, nikachukua chaki yangu ya kuchorea nguo. Kiti cha buluu, chaki ya buluu. Nikakipaka mpaka kikashiba, nikaenda kulala.

Nikajilaza kama gogo. Macho nimeyafumba, masikio yamesimama.

Haikuchukua muda, baiskeli ikaanza kulia. *Wii, wii, wii.*

Nikatabasamu, nikasinzia zangu.

Jioni wakaja, Taratibu na binti yangu. Binti akaanza kunishtaki kabla ya salamu kuisha. Kiti, kweli, kilikuwa juu.

"Bibi," Taratibu akasema kwa huzuni, "nilikueleza."

"Muulize na baba," nikamwambia binti.

"Mimi?" Mlingoti akaruka. "Mimi nahusikaje? Goti hili la kulia hata kulikunja siwezi! Ngoja nimletee mgeni maji."

Akainuka, akashika fimbo, akatugeuzia mgongo.

"Baba!" binti akapiga kelele.

Suruali yake ya krimu, pale pa kukalia, ilikuwa na duara mbili za buluu zimepangana kama miwani.

Taratibu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akashusha kiti, akanipandisha, akasimama nyuma yangu akiniangalia. Nikakanyaga polepole. Nyonga zimetulia, mgongo wima, maumivu hakuna.

"Cherehani ruksa, bibi. Muda mfupi, halafu unasimama. Taratibu."

Binti mwenyewe akaenda kuifunua shuka.

Mlingoti alikuwa bado amesimama, kichwa chini.

"Mke wangu," akasema, "nilikuwa najinoa kimyakimya. Nilitaka ukiruhusiwa kutembea nje, nisikuache uende peke yako."

Binti akafuta jicho. Hata mimi, na ujanja wangu wote, nikamwamini.

Mkitaka funzo, ni hili: mgongo uliopasuliwa haukimbizwi, unabembelezwa. Na kabla hujapanda, kagua kiti, hasa kama una mume mrefu.

"Vizuri baba watoto," nikamwambia. "Basi kesho asubuhi tunatembea wote mpaka dukani. Na kikapu unabeba wewe."

"Kesho?"

Akakunja uso. Akajishika goti, akaguna kwa uchungu mkubwa.

La kushoto.