Mjomba Fulu

Na wasije wakatuambia eti swali lilikuwa rahisi. Rahisi kwa nani? Kijana kakariri jina lake, alikosoma, ndoto zake na ule udhaifu wa uongo ambao kila mwombaji husema, kwamba anapenda kazi kupita kiasi. Kafika pale shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Halafu mama mzima anamtazama kwa juu ya miwani na kumwuliza kwa Kiingereza: nieleze filamu iliyokuchekesha, na kwa nini ulicheka. Haya, niambieni. Mtu anaomba kazi ya kupokea simu za wateja wanaofoka kutwa nzima, vichekesho vinaingiaje hapo?

Lakini ndiyo hivyo, swali liliulizwa, na aliyeulizwa ni Rimoti.

Rimoti si jina alilopewa na mama yake. Alilipatia kwenye ukumbi wa video wa mjomba wake, chumba kirefu cha mabati nyuma ya gereji, chenye mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni kubwa juu ya meza na spika mbili zinazokoroma. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Wateja walikuwa makuli, mafundi wa gereji na wauza mitumba, watu ambao Kiingereza chao kiliishia kwenye "tenkyu". Kwa hiyo mjomba alikaa pembeni na maikrofoni akawasimulia. Filamu inasema lake, mjomba anasema lake. Akitaka kuongea kwa urefu anainua kidole, na mpwa wake anasimamisha picha kwa rimoti. Basi, jina likakaa.

Mjomba alikuwa na mtindo wake. Kabla hajatoa neno tamu, anaigonga maikrofoni kwa kucha, ko-ko, anakohoa kidogo, halafu anasema: "Watu wangu, shikeni mbavu!" Ukumbi mzima unaanza kucheka kabla hata hajasema kitu. Wao wenyewe, mkubwa na mdogo, waliitana mjomba wote wawili, na Rimoti alikuwa anakaa kwake tangu mama yake afariki, akiwa bado mdogo wa kulalia godoro moja na masanduku ya kanda.

Sasa, filamu iliyomchekesha Rimoti kuliko zote maishani ilikuwa moja tu, na pale ukumbini waliiita Kabati la Mkwe. Jamaa mrefu, mnyonge, ana gari bovu la buluu. Juu ya gari kafunga kitu kirefu kilichofunikwa blanketi. Mjomba alieleza kwamba ni kabati, jamaa kaliiba kwa mama mkwe wake, na sasa anazunguka nchi nzima anatafuta mnunuzi. Kila kijiji anachofika watu wanatoka nje wanavua kofia. "Wanamwambia hapana, asante, tuna makabati tayari!" Mwanamke mmoja mzee analia dirishani. "Mkwe huyo! Anadai kabati lake na hanga zake!" Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi. Fundi mmoja wa gereji alicheka mpaka akatolewa nje akapate hewa.

Siku ya usaili mjomba alimsindikiza. Alivaa koti lake la harusi na akakaa kwenye benchi la koridoni, chini kabisa ya dirisha la vioo vya kupachika, viwili kati yake vikiwa havipo. Rimoti aliliona hilo pengo wakati anaingia. Nasema tena, maana litamrudia baadaye: aliliona.

Ndani walikuwa wawili, yule mama wa miwani na kijana mmoja wa tai aliyekuwa anarekodi. Rimoti akaulizwa habari ya filamu, akashusha pumzi. Hii naijua, akajisemea. Akaanza kuimwaga kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: gari la buluu, kabati, mkwe, kofia. Alipofika kwenye blanketi, mama akaweka kalamu chini.

"Subiri kwanza," akasema. "Hiyo filamu naifahamu. Marehemu baba yangu aliipenda sana. Lile si kabati."

"Ni kabati, mama."

"Ni jeneza. Yule bwana kafiwa na mke wake, anampeleka akamzike kwao. Watu wanavua kofia kwa heshima. Na yule bibi dirishani ni mama wa marehemu."

Yule wa tai akapasuka. "Kabati!" akasema, akaziba mdomo kwa mkono. "Eti na hanga!"

Rimoti alisikia masikio yanawaka. Ana hasira za karibu yule, angeweza kumrukia mtu wa tai palepale akamfundisha adabu. Lakini kazi ilikuwa inaondoka huku anaitazama. Na mtu anayezama hachagui cha kushika. Alichokishika yeye ni mjomba wake.

"Si mimi," akasema. "Ni mjomba wangu. Hajui Kiingereza hata herufi. Anakaa gizani anawadanganya watu, na wao wanaamini, kwa sababu ni wajinga kama yeye. Mjomba wangu ni mjinga. Mjinga kabisa!"

Wakatabasamu. Akaona. Akaongeza. Akagonga meza kwa kucha, ko-ko, akakohoa kile kikohozi, akatanua tumbo, akalegeza mdomo kama mtu anayetokwa na mate, akamwigiza mzee anatunga uongo huku jasho linamtoka. Kila akimaliza kipande anarudi palepale: mjomba wangu ni mjinga. Kiingereza kikawa kinatiririka ambavyo hakijawahi kutiririka. Tena kwa lugha ile tusi halikuwa na uzito, alihisi kama linatoka kinywani mwa mtu mwingine na yeye kaazima midomo tu. Mama alivua miwani akafuta machozi. Akapiga meza kwa kiganja. "Wewe," akasema, "wateja watakupenda."

Akapata kazi.

Alipotoka, mjomba alikuwa kasimama, koti limefungwa kifungo kisicho chake, uso umemjaa furaha.

"Mjomba! Nimesikia ko-ko!"

Rimoti akatazama lile pengo la vioo.

"Usinifiche, nimesikia! Na kikohozi umekipatia, ila mimi nakohoa chini zaidi. Wamecheka hao! Yule mama kapiga meza mpaka mimi huku nje nikashtuka. Umewaambiaje kuhusu mimi?"

"Nimewaambia... wewe ndiye uliyenifundisha kuchekesha watu."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiingereza, mjomba."

"Ala!" Mzee akatembea hatua chache, akarudi. "Kuna neno ulikuwa unalirudiarudia. Kila ukinitaja, neno hilo. Fulu. Mjomba fulu. Ndiyo nini hiyo?"

Neno la Kiingereza la mjinga, likipita kwenye pengo la vioo na kuingia katika sikio la mtu aliyezoea kukaa nyuma ya gereji, hutoka hivyo. Fulu. Rimoti alitafuta uongo, hakupata. Mzee mwenyewe akamsaidia.

"Ni kama tangi fulu, siyo? Kwamba nimejaa? Sipungukiwi kitu?"

"Eeh," Rimoti akasema. "Ndiyo hivyohivyo. Umejaa."

Angesema palepale, ingekuwa aibu ya mara moja: kelele kidogo, mzee ananuna, jioni wanakula sahani moja. Hakusema. Na uongo ukiachwa bila kushikwa mkono unaanza kutembea wenyewe. Wiki hiyohiyo mjomba alinunua rangi nyekundu, akaufuta ule ubao wa zamani wa nje na kuandika kwa herufi kubwa, zilizoinama kidogo kulia: KWA MJOMBA FULU. Mafundi wa gereji wakalidaka jina. "Shikamoo, Mjomba Fulu!" "Marahaba, leo kuna ya mapigano!" Hata simu anapokea hivyo. Mzee kajipa cheo, anatembea kifua mbele, na kila akiitwa, Rimoti anahisi kama kamezeshwa msumari.

Akiwa kazini, hedifoni masikioni, mteja akimfokea na kumwita mjinga kwa Kiingereza, anasema samahani kabla hata hajajua kosa. Wenzake wanamsifu, eti kijana ana subira. Subira gani? Anajua tu kwamba anastahili.

Jumapili moja mchana akaenda ukumbini na kitambulisho cha kazi shingoni. Mjomba alikuwa anapangusa mabenchi kwa kitambaa chenye maji. Leo, akasema, anaweka Kabati la Mkwe, kwa heshima ya mpwa wake aliyeipeleka kwa wakubwa.

"Usiweke hiyo," Rimoti akasema.

"Kwa nini? Si ndiyo imekupa kazi?"

"Mjomba, lile si kabati." Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ni jeneza! Umekuwa ukituchekesha na msiba wa watu!"

Mzee hakushtuka. Alikamua kitambaa ndani ya ndoo, akaendelea na benchi linalofuata.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Jeneza halihitaji Kiingereza, mjomba. Nililiona tangu mwanzo, lilipofungwa kamba. Na wewe ulikuwa umekaa benchi hili hapa la mbele, udongo wa kaburi la mama yako haujakauka. Ukumbi umejaa, filamu imeshaanza, siwezi kuizima, watanivunjia viti. Ukanigeukia ukaniuliza, mjomba, ile ni nini juu ya gari?" Akaacha kupangusa. "Ningekujibu nini? Nikagonga maikrofoni, nikasema la kwanza lililokuja. Kabati. Ukacheka. Ulikuwa hujacheka tangu tutoke makaburini. Basi nikaendelea nalo mpaka mwisho, na kila ukiiomba nairudia hivyohivyo."

Rimoti alisimama na kitambulisho chake kifuani. Mdomo uliomchekesha mama wa miwani, mdomo unaotuliza wateja kutwa, haukuweza kutoa sentensi moja ya lugha yake mwenyewe. Mjomba, fulu maana yake si kujaa. Maneno machache tu. Aliyafikisha mpaka kwenye meno.

"Na wale wakubwa," mzee akauliza, "hukuwaambia ni jeneza, eti? Maana walicheka."

"Walicheka," Rimoti akasema.

"Basi vizuri. Shika rimoti, watu wanaingia."

Akashika. Pazia likafungwa, gari la buluu likatokea, maikrofoni ikagongwa. "Watu wangu, Mjomba Fulu hapa, shikeni mbavu!" Mabati yakatetemeka kwa vicheko. Kidole kikainuliwa, Rimoti akasimamisha picha palepale yule bibi analia dirishani, na humo ukumbini mtu pekee aliyekuwa na machozi mbali na huyo bibi alikuwa yeye, na giza likamficha, na akaachwa aendelee kuficha.

Ubao bado upo. Sasa nyinyi mnaokijua Kiingereza, mkipita nyuma ya gereji mkausoma, acheni kukenua. Msimcheke mzee na msimsahihishe, hiyo si kazi yenu. Ingieni ndani, mkamtafute kijana mwenye kitambulisho shingoni, mmwambie aseme leo, kwa mdomo wake, kisha akanunue rangi. Akileta porojo, mnyang'anyeni rimoti.