Mkono wa Baba na Kiti cha Sengi

Harufu ya pombe ya mtama iliyochanganyika na vumbi la pumba hunirudisha moja kwa moja uwanjani kwa Sengi Kabula, nje kidogo ya Bariadi, miaka ile ya hamsini nilipokuwa binti mdogo. Sengi ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa dada pekee wa baba, mjane asiye na mtoto, mwenye utani usioisha. Mavuno yalipokwisha aliwaita majirani waje kupura mtama wake. Walipura tangu alfajiri wakifuata mdundo wa ngoma, na shukrani yao ilikuwa pombe. Baba alipura kuliko wote, akanywa kuliko wote. Mchana akaketi kwenye kiti cha mbao alichoacha marehemu mume wa sengi, akapitisha mkono wa kulia nyuma ya egemeo, usingizi ukamchukua. Mama alinituma nikamwite, lakini sengi, aliyekuwa akimfukuzia nzi, akanizuia.

"Mwache kaka yangu alale, Holo. Amechoka kwa ajili yangu."

Basi akalala vilevile mpaka ng'ombe waliporudi zizini. Alipoamka, kiganja chake kilikuwa kikining'inia kama kichwa cha kuku aliyechinjwa. Hapakuwa na jeraha wala uvimbe. Alicheka akidhani ni ganzi tu, lakini siku zikapita na kiganja hakikuinuka. Huo ndio uliokuwa mkono wa kulimia, wa kukamulia na wa kusalimia watu. Asubuhi nilikuwa namsaidia kukamua. Niligundua kwamba nikimshika kifundo na kukiinua, vidole vyake viliweza kubana chuchu ya ng'ombe. Nikimwachia, nguvu zilipotea. Nikamwambia mama kwamba mkono wa baba haujafa. Akaniambia nikachote maji.

Huko kisimani maneno yalikuwa yameshaanza. Pombe ilitoka kwa nani? Kiti kilikuwa cha nani? Mama naye akakumbuka kwamba nilizuiwa kumwamsha, na hilo likamaliza kila kitu. Wazee walikusanyika nyumbani kwetu, wakaamua kwamba sengi ameufunga mkono wa kaka yake kwa uchawi na lazima ahame.  Sengi alimgeukia baba.

"Kaka, hata wewe?"

Baba aliuficha mkono ndani ya shuka. "Nina watoto, Kabula. Nitawalimia kwa mkono upi?"

Sengi aliondoka kwenda Mwandoya kwa wajomba zake, chungu kichwani, kiti akakiacha. Nililia mpaka nikapigwa. Halafu, mvua za kwanza zilipoanza, baba akanyoosha kidole gumba. Baadaye kiganja kikainuka kidogo kidogo, mpaka akashika jembe la ng'ombe kama zamani. Nilitaka kufurahi, maana nilimpenda baba, lakini kila jirani aliyekuja kumpa pole alisema lilelile: "Mnaona? Kaondoka, na mkono umerudi." Kabla ya hapo niliwahi kumsikia baba akimwambia mama kwamba angemfuata dada yake. Mkono ulipopona hakulisema tena. Habari ya kifo cha sengi ilitufikia akiwa ameshazikwa.

Mwaka jana mjukuu wangu alirudi kutoka harusini, kiganja kimelegea kama kile nilichokuwa nikikiinua zizini. Tulikwenda hospitali. Daktari, binti mdogo kabisa, alimuuliza swali moja tu: "Ulisinzia mkono ukiwa juu ya kiti?" Kijana akakubali kwa aibu. Daktari akatueleza kwamba upo mshipa wa fahamu unaozunguka nyuma ya mfupa wa juu wa mkono, ndio unaoamrisha kiganja na vidole viinuke, nao ukikandamizwa muda mrefu kiganja hulegea. Akamfunga kibao chepesi cha kukiinua kifundo, kazi ambayo viganja vyangu viliifanya utotoni. Kisha akasema tusihangaike: mara nyingi mkono hurudi wenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa.

Wenyewe! Machozi yakanitoka mbele ya watu.

"Bibi, mbona unalia?" mjukuu wangu akauliza. "Si amesema nitapona?"

Baba naye alipona, na kupona kwake ndiko kulikomzuia Sengi Kabula asirudi nyumbani.